Kwa Mwendo wa Watoto

Somo: Mwanzo 33:12-17, Luka 2:52



Shule zimefungwa na ripoti zimefika nyumbani. Kuna nyumba ambazo mtoto amenunuliwa soda, na kuna nyumba ambazo kumekuwa kimya tangu Ijumaa, na mtoto mwenyewe wa miaka minne hajui amekosa nini. Leo sisemi na wazazi wa sekondari. Nataka tuongee kuhusu wale wadogo kabisa, wa PP1 na PP2, ambao bado tunasema wako nasari. Je, tunatarajia wajifunze nini? Na Mungu anatarajia nini kwetu sisi tuliopewa hao watoto?

Fungua nami Mwanzo 33. Yakobo anarudi kwao baada ya miaka 20 kwa mjomba wake Labani. Ana wake, ana watoto, ana mifugo mingi. Esau ndugu yake amekuja kumlaki na watu 400. Wamekumbatiana, wamelia, mambo yametengenea. Kisha Esau anasema, haya basi, tuondoke, mimi nitatangulia. Esau ni mwindaji na ana wanaume 400 wenye nguvu. Mwendo wake unaujua.

Angalia Yakobo anavyomjibu mstari wa 13 na 14. Anamwambia kwa heshima kwamba watoto wake ni wadogo, na kundi lina wanyama wanaonyonyesha. Wakikimbizwa hata kwa siku moja tu, wanyama wote watakufa. Kwa hiyo Esau atangulie, naye Yakobo atakuja polepole, kwa mwendo wa mifugo iliyo mbele yake na kwa mwendo wa watoto.

Mwambie jirani yako: mwendo wa watoto!

1. Jua mtoto wako anatakiwa kujifunza nini

Mama mmoja alinisimama mlangoni baada ya ibada ya katikati ya wiki. Akaniambia, "Pastor, naomba umwombee mtoto wangu. Ana miaka minne na hajui kusoma. Wa jirani anasoma." Nikamwuliza, "Mama, mwalimu wake anasemaje?" Akasema mwalimu hana shida naye, ni yeye tu anayeona mtoto amefungwa.

Wapendwa, tunaamini maombi, na nilimwombea yule mtoto. Lakini hatuwezi kukemea pepo kwa sababu mtoto wa miaka minne ana miaka minne.

Hebu tuone mtaala wenyewe unasema nini. Chini ya huu mtaala wa umilisi tunaouita CBC, ulioanza kutumika nchi nzima mwaka 2019, chekechea ni miaka miwili: PP1 kwa watoto wa kama miaka minne, na PP2 kwa watoto wa kama miaka mitano. Shughuli zao ni za lugha, hesabu, mazingira, ubunifu na dini.

Kwenye lugha, mtoto anajifunza kwanza kusikiliza na kuongea. Anasalimia, anataja jina lake, anaeleza anachotaka, anasikiliza hadithi mpaka mwisho. Anajifunza kushika kitabu na kufungua kurasa, kushika penseli, kuchora mistari. Hayo yote yanatengeneza njia ya kusoma na kuandika. Na sera ya elimu inataka watoto hawa wafundishwe kwa lugha inayozungumzwa pale wanapoishi. Kwa hiyo mtoto akirudi nyumbani anaongea Kiswahili au lugha ya mama, usiseme shule haifanyi kazi.

Kwenye hesabu, anapanga vitu kwa rangi na kwa ukubwa, analinganisha, anahesabu vitu anavyovishika kwa mkono, anatambua tarakimu za kwanza kwanza. Kwenye mazingira, anajifunza kunawa mikono, kutumia choo vizuri, kula kwa adabu, kujikinga na hatari, kutunza mimea na wanyama. Kwenye ubunifu, anaimba, anapaka rangi, anafinyanga, anaruka na kucheza. Na kwenye dini, anajifunza kwamba Mungu ndiye aliyemuumba, na anajifunza kuomba.

Sasa linganisha na Luka 2:52. Luka anasema Yesu aliendelea kukua katika hekima, katika kimo, na katika kupendwa na Mungu na watu. Akili, mwili, Mungu, watu. Mwana wa Mungu mwenyewe alikua hivyo, hatua kwa hatua, ndani ya nyumba ya seremala. Sasa wewe wako unataka akue akili peke yake, tena kabla ya Krismasi?

2. Siku moja ya kukimbiza

Yakobo hakusema wakikimbizwa mwaka mzima. Alisema siku moja. Huyu ni mchungaji wa mifugo kwa kazi, anajua anachosema.

Mimi nilisoma biashara chuoni, na kuna jambo moja ambalo hata mama mboga hapa nje atakueleza bila shahada. Mtu akitaka mauzo makubwa mwezi huu, anaweza kuuza hata mbuzi wake wa kuzaa. Daftari la mwezi huo litapendeza sana. Mwaka ujao hana kundi.

Hivyo ndivyo tunavyofanya na watoto. Mtoto anaamshwa saa kumi na moja gizani ili awahi gari la shule. Anarudi jioni amechoka, anapewa kurasa tatu za kunakili. Saa mbili usiku anasinzia juu ya kitabu, na mama anashika mwiko. Jumamosi kuna tuition. Ni kweli, mwisho wa muhula anaweza kuandika mpaka mia moja, na tunampiga video tunatuma kwa shangazi. Lakini tumelipa na nini? Mtoto ameanza kuumwa tumbo kila Jumatatu asubuhi. Ameanza kuficha kitabu. Ameanza kudanganya kwamba hakupewa kazi ya nyumbani, na ana miaka mitano. Amejifunza kuandika mia moja, na amejifunza pia kwamba kitabu na kipigo vinaenda pamoja. Hilo la pili litakaa naye muda mrefu kuliko lile la kwanza.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi shuleni. Itakuwa ajabu kama mwalimu amewekewa mpaka na sheria, halafu nyumba ya mtu aliyeokoka ndiyo mahali mtoto anaogopa penseli.

Na tuseme ukweli hapa. Mara nyingi hiyo haraka siyo ya mtoto. Ni ya kwetu. Tunashindana na jirani wa ploti moja, na shemeji, na mtu tuliyesoma naye. Esau alikuwa na watu 400 na Yakobo angeona aibu kubaki nyuma. Hakuona. Alimwambia ndugu yake atangulie. Mzazi, kuna mtu unahitaji kumwambia atangulie. Mwambie kwa amani, halafu urudi utembee na wako.

3. "Anakaribia" maana yake yuko njiani

Chekechea hakuna mtihani wa kitaifa. Mtaala unamtaka mwalimu amwangalie mtoto akifanya kazi, kisha aseme yuko ngazi gani kati ya nne: amezidi matarajio, amefikia, anakaribia, au yuko chini ya matarajio. Wazazi wengi wakiona neno "anakaribia" wanalia kama mtoto ameanguka. Kwani anayekaribia yuko wapi? Yuko njiani! Paulo mwenyewe, kwenye Wafilipi 3:12, anakiri kwamba bado hajafika, ila anakaza mwendo. Kama mtume anakaribia, mtoto wako wa PP1 ana shida gani akikaribia?

Mkumbuke Hana. 1 Samweli 2:19 inasema kila mwaka alimshonea Samweli kanzu ndogo na kumpelekea Shilo. Kila mwaka, kanzu mpya, kwa kipimo cha mwaka huo. Ile ya mwaka jana ilikuwa imembana, na angeshona ya miaka kumi mbele mtoto angejikwaa nayo hekaluni. Hana alikuwa mwombaji, na alijua kipimo cha mtoto wake ingawa hakulala naye nyumba moja.

Lakini sikiliza upande wa pili, nisije nikaeleweka vibaya. Kwenda polepole siyo kulala. Yakobo alikuwa anatembea. Kama mtoto haitiki ukimwita, kama hasemi maneno wakati wenzake wanasema, kama anasogeza kitabu mpaka puani ndipo aone, usikae ukisema atakua tu. Ongea na mwalimu, mpeleke hospitali apimwe masikio na macho. Serikali ina vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Mwalimu au ofisi ya elimu itakuelekeza kilicho karibu. Kumpeleka huko siyo kukosa imani. Mchungaji anayejua kondoo wake mmoja anachechemea, na asimwangalie mguu, huyo siyo mchungaji.

4. Kazi ambayo karo hailipi

Kumbukumbu la Torati 6:7 inamwagiza mzazi awafundishe watoto maneno ya Mungu akiwa ameketi nyumbani, akitembea njiani, akilala na akiamka. Hakuna ada ya shule inayonunua hizo saa nne: kuketi, kutembea, kulala, kuamka. Hizo ni zako.

Na hazitaki pesa. Unachambua maharagwe? Mpe mtoto ayapange, mekundu huku, meupe kule, halafu ahesabu kumi. Hiyo ni hesabu ya chekechea. Mnaenda dukani? Mwache yeye aseme "naomba unga" na "asante". Hiyo ni lugha. Anawe mikono mwenyewe, avae viatu mwenyewe hata kama mtachelewa dakika tano. Usiku msimulie Daudi na yule jitu, halafu umwulize yeye, "Kisha ikawaje?" Baba, hata wewe. Hasa wewe.

Yule mtoto alikuwa nani?

Nimalizie hapa. Kati ya wale watoto ambao Yakobo alikataa kuwakimbiza, mdogo wa mwisho alikuwa Yosefu. Piga hesabu mwenyewe: alizaliwa Yakobo alipomaliza ile miaka 14 ya mahari (Mwanzo 30:25), na Yakobo akafanya kazi miaka sita zaidi kwa ajili ya mifugo (31:41). Kwa hiyo siku ile Yosefu alikuwa na miaka kama sita. Huyo ni mtoto wa kutoka PP2.

Huyo aliyetembezwa polepole, kwa mwendo wake, ndiye tunayemkuta mbele ya Farao akiwa na miaka 30 (41:46), akipanga chakula cha Misri kwa miaka saba ya shibe na saba ya njaa. Na ilipofika njaa, Yakobo mzee ndiye aliyekwenda kula mkononi mwake. Siku ile njiani Yakobo hakujua. Alijua tu kwamba ni mdogo na amechoka.

Ya kufanya wiki hii

- Chukua ile ripoti, isome yote, hasa maneno ya mwalimu. Mtajie mtoto mambo mawili aliyofanya vizuri.
- Muulize mwalimu swali moja: "Nimsaidie nini nyumbani?"
- Likizo hii, mwache acheze na alale vya kutosha.
- Kila usiku, hadithi moja ya Biblia na maombi mafupi. Mwache mtoto aombe kwa maneno yake.

Tuombe

Baba, asante kwa watoto uliotukopesha. Tusamehe pale tulipowabebesha aibu na mashindano yetu. Tupe macho ya kuona kipimo chao cha mwaka huu. Wabariki walimu wa chekechea, wanaowafuta kamasi na kuwafundisha kushika penseli. Wakuze watoto wetu katika hekima, kimo, na kupendwa na wewe na watu. Katika jina la Yesu. Amina.