Aliyenakili Santuri Amechukua Nini?

Ndugu mmoja katika wasomaji wetu ametuuliza suala ambalo kwa dhahiri ni dogo. Ana santuri, hizi ambazo watu huziita sidii, alizozinunua kwa pesa zake. Huzitia katika kompyuta ya nyumbani kwake, kisha huchoma nyingine mpya akampa jirani. Je, ana makosa? Na amelifuatiza suala lake kwa hoja: "Mwizi wa mbuzi humwacha mwenyewe hana mbuzi. Mimi nimemwacha na mbuzi wake, nami nina wangu. Kimepungua nini?"

Hoja hii si ya kuchekwa, kwani wako wanavyuoni wakubwa walioielekea. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan hakuona kuwa haki ya kunakili ni mali ya kuuzwa. Mwanawe, Muhammad Taqi Usmani, akaona kuwa ni mali. Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, iliyo Jidda, ilipokutana Kuwait mwezi wa Disemba 1988 iliamua kwamba haki za mtungaji na mvumbuzi ni zao, zina thamani ya mali, wala haijuzu kuzidhulumu. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 nayo yazihifadhi. Aliyetaka jibu fupi, basi ndilo hilo. Lakini sisi twaona kwamba mwenye kuliacha jambo kwa kuwa amekatazwa tu, hulirudia siku asipoonekana.

Watu wa pwani hii si wageni wa kunakili. Waandishi wa Siyu walinakili misahafu kwa mikono yao, herufi kwa herufi, wala hapana aliyewaita wezi. Na katika kusoma kwetu iko ijaza, idhini ambayo mwanafunzi hupewa na mwalimu wake ili aipokeze elimu kwa wengine. Zamani hizo kunakili kulikuwa na taabu, na taabu yenyewe ilikuwa ni mlinzi. Baadaye zikaja kaseti, na taabu ikapungua. Lakini nakala ya nakala ilizidi kuvuma, hata ya nne au ya tano mtu akisikiliza hajui kama ni sauti ya mtu au ni upepo.

Santuri hizi, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, zimewaondoa walinzi wote wawili. Ndani yake sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kuwa ni hesabu. Hesabu haichakai kwa kunakiliwa. Tatu ni tatu hata ikiandikwa mara elfu. Kwa hivyo nakala ya mia ni sawasawa na ya kwanza, na sauti ya saa nzima na zaidi hunakiliwa kabla kahawa haijapoa. Hakuna tena kinachomzuia mtu isipokuwa nafsi yake.

Anayenakili ili ajiwekee mwenyewe, hatuoni lawama juu yake. Santuri hukwaruzika, na kompyuta nyingi za siku hizi hazina hata mahali pa kuitia. Mtu huyu amehamisha mali yake kutoka kasha hili hadi kasha lile. (Hata Uingereza waliliruhusu jambo hili Oktoba 2014, na Julai 2015 mahakama ikaifuta ruhusa ile, kwa habari ya fidia ya wenye haki.)

Ama kumpa jirani, hapo mfano wa mbuzi hautoshi. Mwenye santuri hakumfuga mbuzi mmoja. Amefanya kazi mara moja akitaraji ujira wake kwa wanunuzi wengi, kidogo kidogo. Aliyenakili hakuichukua santuri, ameuchukua ule ujira uliokuwa njiani. Atasema, "Jirani yangu ni maskini, asingalinunua." Huenda ni kweli. Lakini basi sadaka hii ameitoa katika mfuko wa nani?

Wala hatusemi kwamba wenye haki wote ni watu wema. Mwaka 2005 ilidhihirika kuwa kampuni ya Sony BMG ilitia katika baadhi ya santuri zake programu iliyojificha ndani ya kompyuta za wanunuzi pasi na wao kujua, ili kuwazuia kunakili. Makelele yakawa mengi, zikarudishwa. Hiyo nayo ni kuingia nyumba ya mtu bila ya hodi.

Haya twayaandika na mikono yetu si safi. Miaka iliyopita darasa letu lilinakili masomo ya mzee mmoja, mwalimu wetu, kwa idhini yake ya mdomo ya kuwa tusikilize. Alipofariki tukachoma santuri nyingi, tukaziuza, tukanunua mikeka na taa. Hatukumwuliza mtu. Tulisema ni elimu, na elimu haifichwi. Mwaka huu binti yake alikuja na nakala mkononi aliyoinunua dukani, akatuuliza kwa adabu ni nani aliyetupa idhini ya kumuuza babake, ilhali mama yao yu mgonjwa na hapana aliyewahi kumpelekea hata shilingi.

Tumezikusanya zilizobaki, ziko katika sanduku. Hesabu ya zilizouzwa twaitafuta katika daftari la mweka hazina, na kurasa mbili hazionekani.