Video Ngapi kwa Wiki? Swali la Mwendo na Jirani

Vijana wengi hapa wana swali moja: niposti video ngapi kwa wiki? Utalisikia Rhino Camp, utalisikia Lobule kule Koboko, utalisikia mjini Arua kwenye vibanda vya kuchajia simu. Jibu linalozunguka ni hili: posti kila siku, na ukiweza, mara mbili kwa siku. Ukinyamaza, mtandao unakusahau.

Mimi naona swali hilo lina swali lingine tumboni. Kabla ya kuuliza "ngapi", tuulize "kwa mwendo wa nani?" Shamba lina mwendo wake. Mgao una mwendo wake. Mtoto mwenye malaria ana mwendo wake. Mtandao nao una wake, na haujui kwamba leo ulipanga jerikani kwenye bomba tangu alfajiri.

Tuanze na hesabu, maana njaa haisubiri falsafa. Kwa video za kawaida, YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, ndipo ianze kukugawia pesa ya matangazo. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Kama kila mtazamaji anakaa dakika mbili, unahitaji kutazamwa mara 120,000. Ukiposti kila siku kwa mwaka mzima, kila video itafute watazamaji kama 330. Ukiposti mara moja kwa wiki, kila moja itafute kama 2,300. Basi kijana anayekimbia hakimbii kwa ujinga. Amepiga hesabu.

Na kila video inakula pesa kabla mtu yeyote hajaiona. Tangu Julai 2021 bando la intaneti Uganda linatozwa kodi ya asilimia 12. Kabla yake, kuanzia Julai 2018, ilikuwa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Chaji nayo ni shida: West Nile ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, na huku kwenye setlementi wengi tunategemea sola, ambayo siku za mvua inagoma.

Halafu kuna chakula. Aprili 2020 WFP ilipunguza mgao kwa asilimia 30. Mwaka 2023 ikaanza kugawa kwa makundi, kila nyumba kulingana na uhitaji wake, na wengine wakaondolewa kabisa. Sasa mwambie mtu aliyekatwa mgao, "Ndugu yangu, punguza mwendo, pumzika." Atakuuliza: nile nini?

Kwa hiyo methali ya "haraka haraka haina baraka" haitoshi hapa. Waliokimbia kutoka Yei mwaka 2016 wakavuka kuja Koboko hawakuokolewa na polepole. Haraka ina siku zake. Tunachotafuta ni kujua ni haraka ipi inamhudumia mtu, na ipi inamtumia.

Hoja yangu ni hii: mwendo wako ndio unaoamua utampiga picha nani.

Angalia mambo yanavyokwenda. Wiki ya kwanza unaonyesha unavyosuka nywele. Wiki ya pili, kiwanja chako, mihogo, kuku watatu. Wiki ya tatu, unavyopika posho na maharage. Wiki ya nne maisha yako yamekwisha kuonyeshwa, na mtandao bado unataka video ya kesho. Hapo macho yanavuka ua. Jirani amefiwa. Mama mmoja ameanguka kwenye mstari wa mgao. Kuna mtoto amekonda, na unajua kabisa kwamba mtoto aliyekonda anapata watazamaji kuliko kuku watatu. Mwenye chaneli si lazima awe na roho mbaya. Mwendo tu umezidi maisha yake mwenyewe, na sasa unakula maisha ya wengine.

Wengine watasema: si nimemwomba ruhusa? Akasema ndiyo.

Lakini ruhusa nayo ina mwendo wake. Unamwomba mtu; anafikiri; anakwenda kumuuliza mumewe au kaka yake; anakwambia rudi kesho. Ukirudi, unamwonyesha ulichorekodi. Pengine yeye anasema Kikakwa na wewe Kilingala, basi mnatafuta mtu wa kutafsiri. Pengine alikimbia watu ambao bado wanamtafuta, na uso wake kwenye simu ya mtu asiyemjua ni hatari ambayo wewe huwezi kuipima. Na ile "ndiyo" ya harakaharaka, aliyoitoa kwenye mstari mbele za watu, akidhani umetumwa na shirika na kwamba akikataa jina lake litafutwa, hiyo ni ndiyo kweli? Mimi nasema bado. Ruhusa ya kweli inataka siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki. Anayelazimika kuposti kila siku habari za watu hawezi kuisubiri. Kupunguza mwendo basi si suala la afya ya mwenye chaneli peke yake. Ni sehemu ya heshima kwa jirani.

Na ninyi ndugu zetu wa mashirika, msidhani hili ni la vijana tu. Robo ya mwaka ikiisha, ripoti inadaiwa, na ofisa anafika setlementi na kamera: tunahitaji habari ya mafanikio kabla ya Ijumaa. Ni mbio zile zile, ila gari ni jeupe. Anayedai haraka ndiye anayepaswa kubeba gharama yake: aje mapema, alete mkalimani, arudi kumwonyesha mtu picha yake, na akubali "hapana" bila kununa.

Kuna pingamizi moja nzito. Mwaka 2019, Ebola ilipothibitishwa Ariwara, ng'ambo tu ya mpaka karibu na Arua, je, tungesubiri wiki moja kuwaambia watu wanawe mikono? Hapana. Onyo la ugonjwa, habari ya mafuriko, mtoto aliyepotea, hayo yaende siku hiyo hiyo, baada ya kuhakikisha ni kweli. Lakini pingamizi hili linatupa kipimo kizuri. Jiulize: video hii ikichelewa siku tatu, nani ataumia? Kama jibu ni "watu walio hatarini", kimbia. Kama jibu ni "chaneli yangu tu", subiri.

Je, mwendo wa kudumu unawezekana kwa mtu mwenye njaa? Nadhani ndiyo, lakini si kwa mtu mmoja peke yake. Vijana wanne wenye chaneli moja, kila mmoja akitoa video moja kwa mwezi, wana video kila wiki bila mtu kukonda. Siku ya jua sola inajaa. Rekodini tatu, mweke akiba ya siku za mvua. Bando lipangiwe kiasi, na pesa ya chakula isiguswe. Na chagueni mambo yasiyokwisha: kutengeneza simu, kusuka, kupanda simsim, kumfundisha mgeni Kikakwa. Somo zuri mtu atalitafuta hata mwaka ujao. Machozi ya jirani yanatazamwa leo, kesho mtandao unadai machozi mapya.

Sitawadanganya: anayekwenda hivi anaweza kuchelewa kufika saa 4,000, na huenda asifike. Heshima ina bei, na si haki bei hiyo ilipwe na kijana mmoja mwenye simu iliyopasuka kioo. Kama sisi wa blok tunataka asitupige picha vibaya, tumsaidie apige vizuri. Vikundi vyetu vya akiba vinakopesha mtaji wa nyanya na sabuni; vinaweza pia kukopesha bando na chaji kwa kundi lenye mpango.

Wazee husema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Chaneli yako siku moja itaisha. Simu itaibiwa, au mtandao utafungwa kama Facebook ilivyofungwa Uganda Januari 2021. Siku hiyo wafuatiliaji 1,000 hawatakuja kukusaidia kuezeka nyumba. Atakuja jirani, kama ulimwacha na heshima yake.