Mpwa Wangu, Kabla Hujatia Saini

Mpwa wangu, mama yako amenieleza, na karatasi ulizomwachia nimezisoma zote, pamoja na zile kurasa za mwisho zenye maandishi madogo ambazo nadhani hukuzifikia. Unataka kufungua duka la fremu za picha mjini Morogoro kwa jina la kampuni ya watu. Wao watatoa jina, bango la mlangoni, mashine ya kukatia na kitabu cha maelekezo. Wewe utatoa ada ya kuingia, kisha mrabaha kila mwezi kwa miaka mitano. Sikukatazi. Umri wangu si wa kukataza tena, na nguvu za kubishana nilizimaliza kwa kaka zako. Nakuomba unisikilize tu hadi mwisho.

Karatasi zile zinataja jina mara nyingi kuliko kazi, kwa hiyo nitaanza na kazi. Fremu moja ina vipande vinne, na kila kipande kinakatwa ncha zote mbili kwa digrii 45. Hiyo ni mikato minane. Kila mkato ukipotoka kwa nusu digrii, jicho halioni kitu. Lakini ukifika kona ya mwisho, upotofu wote umekusanyika umekuwa digrii 4, na kona hiyo haifungi hata uimwagie gundi. Nimewaona mafundi wakijaza ufa kwa unga wa mbao na gundi, wakapaka vanishi juu. Mteja anaondoka amefurahi. Miezi michache baadaye ufa unarudi, na aliyelipa ndiye anayeutazama kila siku ukutani kwake.

Hapo bado hatujagusa unyevu. Huku kwetu mashariki mwa Uluguru, miinuko inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na hata miezi ambayo wenzetu wanaiita kiangazi sisi tunaanika nguo kwa kuviziana na mawingu. Dodoma haifiki milimita 700. Mbao iliyokatwa hapa ikiwa na maji tumboni, ikaenda kutundikwa ofisini Dodoma, itasinyaa na kona zitaachana. Kwa hiyo fundi anaijua mbao yake kabla ya kuigusa kwa msumeno: mtiki wa Mtibwa umetulia, msonobari wa Sao Hill ni mwepesi lakini unataka kukaushwa vizuri, mninga ni mzuri mno ila uwe na vibali vyake halali. Kampuni yako inataka ununue kwao vipande vya plastiki vilivyopakwa rangi ya dhahabu. Nitasema haki: plastiki haisinyai na mchwa hawaitaki. Lakini kona yake ikivunjika ni shida kuiunga, na bei wataipanga wao.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi.

Picha nyingi zitakazoletwa mezani kwako zina nakala. Picha za harusi ziko kwenye simu. Picha za mahafali ya SUA na Mzumbe zinaweza kuchapishwa tena. Picha za viongozi nazo ni hivyo hivyo. Rais Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, na Mama Samia akaapishwa tarehe 19, ofisi za umma nchi nzima zilihitaji picha mpya ya Rais kando ya ile ya Baba wa Taifa. Fundi aliyekuwa na vioo na hadibodi tayari alipata kazi wiki zile. Ni riziki, na haina ubaya, ila usije ukapanga kodi ya chumba kwa msimu wa namna hiyo. Vyeti navyo vitakuja kwa wingi, na hapo nakuusia moja: cheti usikigundishe kwenye hadibodi kamwe. Siku mwenyewe akiitwa kwenye usaili, atataka kukitoa akioneshe, naye atakuta umemzika nacho.

Lakini kuna picha ya aina nyingine. Atateremka mama mmoja kutoka Kinole au Tegetero, amepanda gari alfajiri, amefunga kitu kwenye khanga. Akifungua, ni picha ya marehemu mama yake, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa studio mjini zamani. Hakuna nyingine. Aliyeipiga hayupo, filamu haipo, na uso ule duniani umebaki pale tu. Anaiweka mezani kwako, anakuuliza bei, anakuachia, anarudi nyumbani. Mwanangu, kitu hicho ni amana. Hakuna kitabu cha kampuni kitakachosimama mahali pako siku ukikiharibu.

Nakumbuka mteja aliyeleta picha ya hivyo iliyotoka kwa fundi mwingine ikiwa imegandamizwa moja kwa moja kwenye kioo. Picha ya studio ina utando juu ya karatasi, na unyevu ukiingia, utando unalainika unanata. Picha ilikuwa imeshikana na kioo toka paji la uso hadi kidevu. Kijana wa dukani akataka kuingiza kisu kwa nyuma. Nilimshika mkono. Ukibandua kwa nguvu, uso unabaki kwenye kioo na karatasi inabaki mkononi. Kinachotakiwa ni kuiacha ilivyo, kuipiga picha upya kupitia kioo hicho hicho kwenye mwanga usiong'aa, ukatoa nakala nzuri, na ile ya asili ukaihifadhi pamoja na kioo chake. Na kabla ya yote, fundi wa kwanza alipaswa kuweka kadi pembezoni ili picha isiguse kioo, nafasi ya milimita 2 au 3 tu. Kadi ile inagharimu kidogo sana. Nyuma ya picha napo usiweke kipande cha katoni ulichookota dukani, maana katoni ina tindikali, na baada ya miaka karatasi inageuka hudhurungi ikaanza kukatika. Ukikosa kadi safi, mwambie mteja asubiri.

Kioo nacho kina uzito watu wasioufikiria. Cha milimita 3 kina kilo 7 na nusu kwa mita moja ya mraba. Fremu ya sentimita 60 kwa 90 inabeba kilo 4 za kioo kabla hujahesabu mbao. Ukimpa mtu wa kijijini fremu hiyo na msumari mmoja wa kutundika kwenye ukuta wa udongo, umempa kitu cha kumwangukia mtoto. Umuulize ukuta wake ni wa nini. Swali hilo sikuliona kwenye kitabu cha maelekezo.

Utaniambia, mjomba, jina linaleta watu. Kweli, linaleta. Marekani kuna majina kama FastFrame na The Great Frame Up, ambayo watu wa miji mbalimbali wamefungulia maduka ya fremu kwa mkataba wa namna hii, na wapo waliofaidika. Lakini nataka ulitazame jina moja la kwetu. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akaanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hivi, kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya hadibodi, akiuzia pale Morogoro Stores, Oysterbay. Alifariki mwaka 1972. Alichora kwa miaka michache tu, na jina lake limelisha familia za watu wengine kwa zaidi ya miaka 50. Wale wa kwanza hawakununua jina kwa ada. Walikaa naye, ndugu na jamaa, wakamtazama anavyovuta mstari, wakachora mbele yake, naye akawarekebisha. Mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Mkono ndio uliotangulia, na jina likaufuata. Wewe unataka kuanza na bango, na msumeno hujaushika.

Na kwa kuwa nimemtaja, kampuni inasema itakupa picha zilizochapishwa za mtindo wa Tingatinga uziuze pamoja na fremu. Waulize mchoraji ni nani na analipwa vipi. Sheria ya hakimiliki ipo tangu mwaka 1999, na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, watakapokuja watakukuta wewe dukani.

Tuje kwenye hesabu. Wameandika mrabaha wa 6 katika kila 100, ukaona ni kidogo. Soma tena: ni 6 ya mauzo, si ya faida. Tuseme mwezi mmoja umeuza shilingi 2,000,000. Vifaa vimekula 900,000. Chumba 250,000. Kijana wa kazi 250,000. Umeme, ushuru, kodi na vioo vilivyovunjika, 200,000. Umebaki na 400,000. Mrabaha wao ni 120,000. Ile sita imekuwa 30 katika kila 100 ya kilichokuwa chako. Mwezi wa masika ukiuza nusu ya hapo, chumba na kijana hawapungui, wewe umeshaingia hasara, nao bado wanadai 60,000 yao. Weka hesabu hiyo kwenye daftari kwa mkono wako, si kwenye simu, uone inavyokaa.

Halafu kuna kifungu cha kuondoka. Mkataba ukiisha, bango linashushwa, mashine zinarudi, orodha ya wateja inabaki kwao, na wewe huruhusiwi kufanya kazi ya fremu Morogoro kwa miaka miwili. Waluguru tunalijua jambo hili tangu zamani. Mtu aliyeomba kulima ardhi ya ukoo mwingine alitoa ngoto, yaani malipo kwa wenye ardhi, akapanda mahindi na mpunga wake, lakini hakupanda miti ya kudumu, kwa sababu mti ungeleta ugomvi siku ya kuondoka. Wewe unataka kupanda mti wa kudumu, ndiyo ada yako ya kuingia, kwenye shamba ambalo tarehe ya kutolewa imeshaandikwa. Kama ni lazima uingie, ingia na mazao ya msimu: ada ndogo, muda mfupi, na kile kifungu cha miaka miwili kiondolewe. Wakikataa kabisa kukizungumza, utakuwa umejua unashughulika na watu gani.

Marekani, mwenye jina analazimika kumpa mnunuzi waraka wa maelezo angalau siku 14 kabla hajatia saini au kulipa, na ndani yake zimo kesi zake na orodha ya waliotoka kwenye biashara mwaka uliopita. Afrika Kusini, aliyetia saini ana siku 10 za kazi za kubadili nia bila adhabu. Hapa kwetu utakachokutana nacho ni Sheria ya Mikataba: mtu mzima mwenye akili timamu aliyetia saini kwa hiari yake amefungwa. Kwa hiyo siku zile 14 jipe mwenyewe. Nenda BRELA uhakikishe jina hilo limesajiliwa na ni la hao wanaokukodishia. Likiwa si lao, unalipia nini?

Na shamba. Mama yako aliposema umetaja shamba la Mkuyuni kuwa dhamana ya benki, sauti yake ilishuka. Shamba hilo si lake peke yake, wala si langu, na wewe uko pale kwa sababu umezaliwa na yeye. Dada zako na watoto wao wanakula hapo, na miti ya mdalasini uliyoikuta hukuipanda. Biashara ikianguka, wewe unaweza kwenda Dar kwa treni ya mwendokasi ukaanza upya. Wao hawana pa kwenda. Mimi kama mjomba wako sitatia saini kwenye dhamana hiyo. Nalisema leo kwa upole ili usije kulisikia benki mbele ya watu.

Kama bado moyo wako uko kwenye fremu, na naamini upo, kuna njia isiyohitaji shamba. Kaa na fundi mmoja pale mjini miezi kadhaa, ukate mbao za kutupa mpaka kona zifunge zenyewe. VETA Kihonda wanafundisha useremala. SIDO wapo kwa ajili ya wenye viwanda vidogo kama unachokitaka. Anza na msumeno mzuri, kisanduku cha kukatia kona, kikata kioo na meza iliyonyooka. Ukishaweza kupokea picha ya yule mama wa Kinole bila mkono kutetemeka, rudi kwenye karatasi za kampuni uzisome upya. Pengine utaona jina lao linakufaa, nami sitakuwa na la kusema.

Kwa sasa fanya moja tu. Waandikie barua ya heshima, uombe majina na simu za wote waliowahi kufungua duka kwa jina hilo na hawako nalo tena. Usiombe wale wenye picha kwenye kipeperushi. Omba waliotoka. Wapigie, uwaulize ada ilirudi baada ya muda gani, vifaa walinunua kwa bei gani, na siku ya kuondoka waliondoka na nini. Barua uiweke tarehe, nakala umwachie mama yako, na majibu yakija, yawe mazuri au mabaya, uniletee niyasome.