Hakuna Aliyeniona

Jumanne nikirivasi sokoni niligonga Probox iliyoegeshwa, taa ya nyuma ikavunjika. Mwenyewe hayuko. Hakuna aliyeniona. Nikashika gia niondoke. Kilichonizuia kwanza ni stika ya kanisa kwenye kioo changu. Mungu nilimkumbuka baadaye.

Nilimwachia jina na namba ya simu chini ya waipa, nikaenda polisi kuripoti. Sheria inataka uripoti mapema, kabla ya saa 24 kuisha.

Someni Kutoka 22:6. Moto ukitoroka na kuchoma nafaka ya jirani, aliyeuwasha analipa. Hapo haulizwi kama alikusudia.

Jioni mwenye gari alipiga simu, nikalipa taa. Mpendwa, kuna mtu ulimharibia ukanyamaza? Kutubu ni vizuri. Lakini mpigie simu pia. Amina.