Huruma Yenye Ratiba

Kanuni za utumishi wa serikali zilimtaka Daktari Govindappa Venkataswamy astaafu mwaka 1976, akiwa na miaka 58. Mwaka huohuo, mjini Madurai, kusini mwa India, alifungua hospitali ya macho yenye vitanda 11 katika nyumba ya kupanga, na vitanda sita kati ya hivyo vilitengwa kwa wasio na uwezo wa kulipa. Fedha zilipopelea, mali za familia ziliwekwa rehani, hata vito vya dhahabu vya akina mama. Dada yake na shemeji yake, madaktari wa macho wote wawili, walikuwa bega kwa bega naye. Hospitali ikaitwa Aravind, kwa heshima ya Sri Aurobindo, mwanafalsafa wa Pondicherry aliyefundisha kwamba mtu hahitaji kuukimbia ulimwengu ili amfikie Mungu, kwa kuwa kazi yenyewe inaweza kuwa njia ya ibada.

Fundisho hilo Dk. V, kama wengi walivyozoea kumwita, alilipokea akiwa na mwili uliokwisha kuonja maumivu. Alitaka kuwa daktari wa wajawazito, kwa sababu utotoni aliwaona binamu zake wakifa kwa matatizo ya ujauzito. Lakini alipotoka jeshini baada ya Vita Kuu ya Pili, baridi yabisi ilimlaza kitandani kwa muda mrefu na kumkunja vidole, na ndoto ile ikafia hapo. Akahamia kwenye macho. Alijifunza upya kushika kisu, kwa vifaa vilivyotengenezwa kufuata umbo la mikono yake, na hadi mwisho wa kazi yake alikuwa amefanya upasuaji zaidi ya 100,000 kwa vidole hivyohivyo.

Swali alilowaachia watu wa dini halikwepeki: je, huruma ikiendeshwa kama kiwanda, bado ni huruma?

Dk. V hakuficha kwamba alivutiwa na migahawa ya McDonald's, ambako chakula kilekile hutolewa kwa ubora uleule katika kila mji, na mwenye kukiandaa ni kijana aliyefundishwa hatua chache na kuzishika barabara. Alitaka upasuaji wa mtoto wa jicho ufuate utaratibu huo. Katika chumba cha upasuaji cha Aravind, daktari mmoja ana meza mbili. Anapomshughulikia mgonjwa wa meza ya kwanza, wauguzi wanamwandaa wa meza ya pili: jicho limesafishwa, ganzi imeshika, vifaa vimepangwa. Akimaliza anageuza hadubini tu. Ndiyo maana madaktari wa huko hufikisha zaidi ya operesheni 2,000 kila mmoja kwa mwaka. Viwango vyao vya madhara baada ya upasuaji vimewahi kulinganishwa na vya Uingereza, na Madurai haikuaibika.

Wapo watakaosema mgonjwa si gari la kuunganishwa vipuri, na huruma yataka mtu aketi, ashike mkono, asikilize. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mtazame mzee anayeongozwa na mjukuu hadi chooni, mjukuu aliyeachishwa shule kwa ajili hiyo, huku dawa ya upofu wake ikiwa ni operesheni ya dakika chache. Kila mwezi anaokaa kwenye foleni ni mwezi wa giza lisilo la lazima. Kwake yeye, daktari mpole asiyefika ana faida gani? Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi wanamwuliza Yesu nani alitenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu. Yesu anaikataa hesabu hiyo ya lawama na kuwaelekeza kwenye kazi ya kufanya kungali mchana. Dk. V hakuwa Mkristo, lakini maisha yake yalikwenda mkondo huo.

Suala la malipo ni gumu zaidi. Aravind huendeshwa kwa mapato ya wagonjwa wanaolipa, na mapato hayo hubeba gharama za wengine, ambao ni zaidi ya nusu, wanaotibiwa bure au kwa bei ndogo sana. Mgonjwa huchagua mwenyewe upande wa kulipa au wa bure, bila kudaiwa ushahidi wa umaskini. Kinachotofautiana ni chumba na kitanda. Madaktari ni walewale, kwa zamu.

Wanazuoni wa Kiislamu huanza na nia wanapolipima tendo. Mfanyabiashara anayelipia jicho lake Madurai hajanuia sadaka, amenunua huduma. Nia basi iko wapi? Iko kwa aliyeupanga utaratibu ili maskini asilazimike kuomba. Kwa kulinganisha, nchini Tanzania asiye na uwezo hutafuta barua ya serikali ya mtaa, kisha hujieleza kwa afisa ustawi wa jamii ndipo apate msamaha wa matibabu. Maofisa wengi hufanya kazi hiyo kwa moyo, lakini utaratibu wenyewe humtaka mtu athibitishe unyonge wake mbele ya mgeni. Sadaka inayompitisha mwenye shida kwenye fedheha hiyo imepungukiwa, hata kama fedha yake ni halali na nyingi.

Aravind iligundua pia kwamba neno bure halitoshi. Vijijini watu walipimwa bure, wakaahidiwa upasuaji wa bure, na bado wengi hawakutokea. Nauli hawakuwa nayo, wala mtu wa kuwasindikiza. Siku isiyo na kibarua ilikuwa siku isiyo na chakula, na kisu kwenye jicho kiliwatisha. Hapo hospitali ikaongeza basi, chakula, malazi na safari ya kurudi nyumbani. Lenzi za kupandikiza nazo zilikuwa kikwazo, maana za kuagiza nje zilizidi dola 100 kwa moja. Mwaka 1992 Aravind ikaanzisha kiwanda chake, Aurolab, kikaziuza kwa takriban dola 10.

Sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na wasichana wa vijijini wanaofundishwa kwa miaka miwili. Wao ndio hupima macho, huandaa wagonjwa na kuwatuliza wenye hofu, kwa hiyo ule mkono wa kushikwa upo, ila si wa daktari. Nao wanastahili ujira na mapumziko yanayolingana na mzigo wao. Ibada ya kazi isiwe kisingizio cha kumchosha mnyonge mwingine.

Dk. V alifariki Julai 7, 2006, akiwa na miaka 87. Somo lake linatuhusu: misikiti na makanisa yetu huandaa kambi za macho, na waumini huchanga kwa ukarimu. Kamati inayopanga kambi ijayo na ijibu kabla ya kutundika bango: nauli ya mgonjwa anatoa nani, atalala wapi, na nani atalikagua jicho lake wiki moja baada ya madaktari wageni kuondoka?