Nyumba Njema si Mlango

Katika majimbo ya Kusini ya Marekani, miji mingi mikongwe imepata kuwa na mwenyeji aliyejitolea kuandika habari zake. Mtu huyo hukusanya wosia, hati za ardhi na barua, akaeleza ukoo upi ulijenga jumba lipi, na kwa mtindo gani. Afapo, makaratasi yake huwekwa maktabani, na wajukuu wa koo hizo huyasoma kwa fahari. Kazi hiyo hatuibezi, kwani bila yeye mengi yangalipotea. Lakini yafaa tujiulize: je, asiyeandika uongo amekwisha kusema kweli?

Katika sensa za mwaka 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa chini ya jina la bwana wao. Karibu wote waliandikwa umri, jinsia na rangi tu, pasipo jina. Utumwa ulifutwa nchini kote mwaka 1865, na sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja waliokombolewa kwa majina. Mjukuu wao atafutaye asili yake aghalabu hukwama hapo.

Hata hivyo, ushahidi haukukosekana. Huko Charleston, South Carolina, matofali ya majengo ya kale yameonekana yakiwa na alama za vidole vya watumwa walioyafyatua, hata vya watoto. Huko Monticello, Virginia, maandishi ya Thomas Jefferson yanamtaja John Hemmings, seremala mtumwa aliyetengeneza samani na mbao za nyumba ile. Tena katika wosia na orodha za mali za mabwana wengi, majina ya watumwa yamo, yamepangwa pamoja na ng'ombe na vijiko vya fedha. Mwandishi aliyenakili jina la mrithi, akayaruka majina hayo, hakukosa karatasi; alikosa kuwahesabu kuwa watu.

Wako watakaosema kwamba tusimhukumu, maana aliwaandikia watu wa mji wake. Nasi twajibu: wajukuu wa wale watumwa nao walikuwa watu wa mji wake.

Wala jambo hili si la ng'ambo tu. Nguo ya marekani iliyovaliwa na wazee wetu katika karne ya 19 ilifumwa katika viwanda vya kaskazini mwa Marekani, kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Na hapa petu, utajiri uliosimamisha majumba mengi ya mawe ya Unguja ulitoka katika mashamba ya karafuu na biashara za pembe na watumwa.

Wahenga walinena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi mwanafunzi aendapo kwa wazee kuuliza nyumba hii ni ya nani, asifunge daftari lake kabla hajauliza pia: ni nani waliobeba mawe yake?