Mkulima Asome Alichokisema

Vijana wa Nachingwea na Ruangwa, ninyi ndio mnaopita shamba kwa shamba na simu mkononi, mnauliza, mnajaza fomu. Kwa wale mnaotumia ODK, programu isiyohitaji mtandao wakati wa kujaza, kila fomu mnayohifadhi hukaa ndani ya simu kama faili la XML. Hapo ndipo wengi mnapoishia: mnatuma, mnaondoka. Mkulima habaki na kitu.

Msikubali!

Fungueni faili lenyewe. Tuseme mnakuta <zao>korosho</zao><kilo>212</kilo><daraja>1</daraja>, vyote vimebanana kwenye mstari mmoja mrefu. Mkulima hawezi kulisoma, ingawa maneno ni yake mwenyewe. Lakini ninyi mnaweza kumwezesha alisome. XML, iliyopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Februari 1998, huweka kila kitu kati ya alama ya kufungua na alama ya kufunga, na alama hizo hubeba jina la kitu chenyewe. Kwa hiyo msizifute ovyo mkidhani ni takataka. Mkizifuta mnabaki na 212, na hakuna atakayejua kama ni kilo, miti au shilingi. Jina la alama ligeuzeni kichwa cha mstari: Zao: korosho. Kilo: 212. Daraja: la kwanza. Kila mkulima apewe aya yake, na nafasi iachwe kabla ya anayefuata. Tarehe iliyoandikwa 2025-10-14 iwe 14 Oktoba 2025, kama tunavyoandika sisi. Faili la asili litunzeni bila kuliguza.

Chombo cha kazi hii ni bure. Lugha ya programu ya Python hailipiwi, na ElementTree, maktaba ya kusoma XML, imo ndani yake tayari; mistari michache ya maelekezo inatosha kupitia mafaili yote ya kijiji. Kompyuta moja ya kuazima inawatosha kuanzia. Anayejua amfundishe mwenzake.

Na hapa kwetu jambo hili lina uzito. Korosho zimo kwenye mfumo wa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008, na RUNALI, chama kikuu cha ushirika, inaunganisha vyama vya msingi vya Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Mzigo hupimwa, huingia ghalani, husubiri mnada. Katika safari hiyo yote mkulima analindwa na maandishi. Asiyeweza kusoma takwimu zake hawezi kuzikosoa, na kosa la kilo kumi humpita bila yeye kujua. Jumla za kijiji zibandikeni kwenye ubao wa matangazo. Za mtu binafsi, pamoja na jina na namba yake ya simu, mpeni mwenyewe mkononi.

Anzeni na faili moja leo. Lipangeni, lichapeni, mrudi kwa aliyewajibu maswali, mumwulize: "Mzee, shikamoo. Hizi kilo ndizo ulizotutajia?" Akisema sizo, kaeni hapo hapo mrekebishe.